Nasaha kwa Binti Aingiaye Ofisi ya Kiwanda cha Kahawa

Katika miji na vijiji vinavyouzunguka Mlima Kenya, tangu Othaya na Mukurwe-ini hadi Karatina, Kerugoya, Embu na Chuka, wapo mabinti wengi ambao, wakiisha kuhitimu masomo ya sekondari na kabla ya kupata nafasi ya chuo au kazi ya mjini, huitwa kushika kalamu katika ofisi ya kiwanda cha kahawa cha ushirika kilicho karibu na kwao. Na kwa kuwa kazi hiyo aghalabu hutolewa kwa haraka, msimu ukiwa umekwisha kubisha hodi, binti huingia ofisini bila ya kuambiwa neno zaidi ya saa ya kufika na mahali pa kuketi. Ni kwa ajili yake ninaandika nasaha hizi, na kwa ajili ya wazazi wake, na kadhalika kwa wanakamati wamwajirio. Mimi nami niliifanya kazi hiyo katika ujana wangu, upande wa Mathira hapa Nyeri, katika miaka ile ambayo baridi kali ya Julai 1975 ilikuwa imeiunguza mibuni ya Brazil na kuipandisha bei ya kahawa duniani kote, hata vijiji vyetu vikaona fedha ambazo havikupata kuziona kabla yake. Na yale niliyojifunza katika chumba kile kidogo chenye dirisha moja la kupokelea watu yamenifaa maisha yangu yote.

Neno langu kuu ni hili, na yote yatakayofuata ni maelezo yake: ofisi ya kiwanda cha kahawa ni nyumba ya amana kabla ya kuwa mahali pa kazi. Auzaye viazi katika soko la Karatina hupokea fedha yake mkononi kabla gunia halijapakiwa, bali mkulima wa kahawa huleta matunda yake jioni, huyaona yakimwagwa pamoja na ya majirani zake mpaka yasitambulikane tena, kisha hurudi nyumbani na kipande cha karatasi. Matunda yale yatamenywa, yatachachushwa, yataoshwa, yataanikwa, yatakobolewa, yatapangwa madaraja, yataonjwa na kupigwa mnada Nairobi, na miezi itapita kabla ya senti moja kurudi kijijini. Na katika muda wote huo mkulima hana ushahidi wa mali yake isipokuwa karatasi ile, na mstari mmoja unaofanana nayo katika daftari lako. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na usemi huo haujapata kuwa na maana nzito kuliko iliyo nayo katika kiwanda cha kahawa.

Basi anza, binti yangu, kwa kujua ofisi hiyo ni ya nani. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipanda mibuni Bura, katika milima ya Taita, mwaka 1893, na baada yao walowezi wakalifanya zao hili kuwa lao. Mwafrika aliruhusiwa kuwa kibarua katika shamba la kahawa, walakini kuwa na shamba la kahawa lililo lake lilikuwa jambo alilozuiliwa. Katika miaka ya 1930 ndipo serikali ya kikoloni ilipokubali kwa shingo upande majaribio madogo ya wakulima Waafrika huko Meru, Embu na Kisii, na hapa Nyeri kilimo hiki kilipata kuenea hasa baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954 wa kukuza kilimo cha Waafrika, wakati ambapo nchi ilikuwa katika Hali ya Hatari na watu wetu wamekusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Waliopanda mibuni ya kwanza waliipanda katika dhiki hiyo, na baadaye wakajiunga katika vyama vya ushirika, wakachanga, wakakatwa malipo yao msimu baada ya msimu, ili kiwanda kijengwe kando ya mto na mashine inunuliwe. Mzee ajaye dirishani pako na kofia mkononi hakuja kuomba. Amekuja katika nyumba yake mwenyewe, na wewe ndiwe uliyeajiriwa na yeye. Akikuuliza swali moja mara tatu, mjibu mara tatu, na mara ya tatu iwe kwa sauti ile ile ya mara ya kwanza.

Jambo la pili ni kuijua njia ya tunda lenyewe, kwa maana karani asiyeijua kazi iliyo nje ya ofisi yake huandika tarakimu asizozielewa, na mwenye kuandika asichokielewa ni sahali kudanganywa. Meneja wangu wa kwanza, mtu wa maneno machache na mwenye insafu, aliniamuru katika juma langu la kwanza niiache meza, nivae viatu vya mpira, nikae na mafundi tangu mashine ilipowashwa hadi ilipozimwa usiku, na mpaka leo namshukuru kwa amri ile. Kama zabibu za Dodoma zisivyoweza kungoja baada ya kuchumwa, ndivyo na matunda ya kahawa: yaliyochumwa asubuhi hayana budi kumenywa siku iyo hiyo, la sivyo huanza kuchacha ndani ya gunia na kuiharibu ladha kabla kiwanda hakijayagusa. Ndiyo maana wakulima hufika alasiri, wote kwa wakati mmoja, na ndiyo maana kazi ya karani wa kahawa huwa nzito saa ambazo makarani wengine wanafunga milango.

Tazama, basi, yanayotendeka. Mkulima huyamwaga matunda yake chini, akaketi kuyachambua, akitenga mabichi, yaliyoiva mno na yaliyoshikwa na ugonjwa wa chulebuni, ambayo hayataingia katika mashine bali yatakaushwa na maganda yake na kuuzwa kwa bei ya chini kwa jina la mbuni. Mekundu hupimwa, humenywa kwa maji ya mto, na punje zake, zingali na utelezi, hulala katika matangi usiku kucha mpaka utelezi ule ulegee. Kisha huoshwa katika mifereji mirefu, ambapo nzito huzama na nyepesi huelea na kutengwa, halafu huanikwa juu ya vichanja vya waya ambako wafanyakazi huzigeuza kwa mikono, huzifunika jua linapokuwa kali na mvua inaponyesha, mpaka unyevu wake ushuke hadi kati ya asilimia 10 na 12. Ukiisha kuyaona haya kwa macho yako hutamkemea tena fundi anayechelewa kukuletea hesabu ya usiku, na utajua kwa nini mvua ya mchana mmoja yaweza kuonekana katika daftari la malipo miezi sita baadaye.

Sasa nije kwenye mizani, ambayo ndiyo mahali pa kwanza pa haki au pa dhuluma. Kila siku, kabla ya mzigo wa kwanza, hakikisha mbele ya watu kwamba mizani ikiwa tupu inasoma sifuri, na ukiwa na jiwe la kupimia lenye uzito unaojulikana, lipime hadharani. Uso wa mizani na umwelekee mkulima kama unavyokuelekea wewe. Soma uzito kwa sauti, ngoja mkulima auitikie, ndipo uandike, na uandike papo hapo, usiseme utaandika baada ya mizigo mitatu au minne. Uzito wa gunia au debe tupu utolewe kwa kiasi kile kile kwa kila mtu, awe mwenyekiti wa chama au mjane mwenye mibuni hamsini. Na nusu kilo isidharauliwe, kwa sababu nusu kilo inayoachwa kwa kila mzigo katika msimu mzima, kwa wanachama mia kadhaa, ni magunia kamili yasiyo na mwenyewe, na mali isiyo na mwenyewe haikosi kupata mwizi.

Fauka ya hayo, jifunze kuipima hesabu yako kwa hesabu ya wengine. Kwa kawaida kilo 5 za matunda mekundu huacha karibu kilo 1 ya kahawa kavu yenye ganda lake la ndani, na baada ya kukobolewa yahitajika kilo 6 hadi 7 za matunda ili kupata kilo 1 safi ya kusafirishwa ng'ambo. Ukijumlisha mizani ya juma zima na kuilinganisha na kahawa iliyoingia ghalani baada ya kukauka, utaona upesi kama kuna pengo lisiloelezeka. Usimshuku mtu kabla ya kutazama sababu za haki, kama vile ukame uliozifanya punje kuwa nyepesi au mashine inayovunja punje. Lakini pengo likidumu, lipeleke kwa meneja kwa maandishi, nawe ubaki na nakala. Neno la mdomo hukanushwa, bali barua yenye tarehe hujitetea yenyewe.

Kuhusu daftari, nitasema mambo machache yaonekanayo madogo, ambayo kwa kweli ndiyo kazi yenyewe. Andika tarakimu zisizoweza kubadilishwa, moja isigeuzwe kuwa saba wala tatu kuwa nane. Ukikosea, usifute wala usikwangue, bali piga mstari mmoja ili kosa lisomeke, andika lililo sahihi juu yake, utie sahihi yako na tarehe. Usiruke ukurasa wala usiache mistari mitupu, kwa maana nafasi iliyo wazi katika daftari ni mwaliko kwa mkono mwovu. Andika nambari ya mwanachama pamoja na jina lake kamili, kwa kuwa katika kijiji kimoja cha Nyeri waweza kuwakuta akina Wanjiru watano na akina Kamau saba, na malipo ya mmoja yakimwendea mwingine huleta uhasama wa nyumba mbili ambao hata kanisa hulemewa kuusuluhisha. Usitie sahihi mahali pa mtu mwingine, hata akiwa ni baba yako, hata akikusihi kwa machozi. Na kitabu cha stakabadhi kisitoke ofisini kwenda kukamilishwa nyumbani, hata usiku wa mavuno makubwa ambapo macho yanafumba. Ni aula kuomba msaidizi kuliko kuandika kwa usingizi.

Najua kwamba viwanda vingi siku hizi vina mizani ya umeme na kompyuta, na kwamba mkulima hupata ujumbe wa kilo zake katika simu kabla hajafika nyumbani, nami nafurahi kwa hayo, kwa sababu jicho la mkulima limeongezewa nguvu. Walakini mashine huandika ilichoambiwa. Neno lako la siri ni sahihi yako, usimpe mtu. Chapisha orodha ya kila siku na kuibandika ubaoni ili wenye mali waisome. Na pale mzee asiye na simu anapokuja, mwandikie kwa mkono na kwa hati iliyo wazi, kwani haki yake haikupungua kwa sababu hana chombo.

Hapa nafikia sehemu ambayo karani mwema hutambulikana, nayo ni kuyaeleza malipo. Siku moja atakuja bibi mzee, ataketi kwenye ngazi ya ofisi, atasema, "Binti yangu, mwaka jana nilileta kilo kidogo nikalipwa vizuri, mwaka huu nimeleta nyingi nikalipwa vibaya. Jasho langu limekwenda wapi?" Usimjibu kwamba bei imeanguka, ukafunga dirisha. Mwambie, "Cucu, ingia ndani uketi kitini," kisha ufungue daftari mbele yake. Mwonyeshe kilo zake siku kwa siku, azikubali au azikatae. Mweleze kwamba kahawa ya kiwanda chote ilipokobolewa ilipangwa kwa ukubwa na uzito wa punje, kubwa zikaitwa AA, za kati AB, zile za mviringo zinazokua peke yake ndani ya tunda zikaitwa PB, na nyinginezo zikapata herufi za chini. Kwamba kila daraja lina bei yake. Kwamba kahawa hiyo ilionjwa na wanunuzi na kuuzwa katika Soko la Kahawa la Nairobi. Na kwamba kutoka katika fedha hizo ziliondolewa gharama za kukoboa, za usafiri, za mishahara, za umeme na za mikopo ya mbolea, na baki ikagawanywa kwa kilo zote za matunda zilizopokelewa, ndipo ikapatikana ile bei ya kilo moja anayoisikia mkutanoni. Kila kato lina jina na kiasi, naye ana haki ya kuyasikia yote mawili.

Na sababu za mbali mweleze pia kwa ukweli. Sisi tuliofanya kazi wakati wa neema tulidhani bei ile itadumu, hata watu wakajenga nyumba za mawe kwa matumaini ya msimu ujao. Lakini Brazil ilipopona, bei ilishuka, na mwaka 1989 mapatano ya kimataifa yaliyokuwa yakigawa kiasi cha kahawa kwa kila nchi yalipovunjika, ilianguka mpaka wengi wakaiacha mibuni yao iote magugu. Mkulima asiyeambiwa habari hizi humshuku karani, kwa kuwa karani ndiye aliye karibu. Na wakati mwingine kumshuku kwake kuna msingi, kwa maana vimekuwapo vyama vilivyoliwa na viongozi wake. Tofauti kati ya bei iliyoanguka na fedha iliyoibwa huonekana katika vitabu pekee, na mtunza vitabu asipoweza kuionyesha, mwadilifu na mwizi watahukumiwa kwa hukumu moja.

Kuna jambo jingine ambalo nalieleza kwa uzito wa moyo, kwa kuwa ni mwanamke ninayewaandikia wanawake. Utaona kwa macho yako kwamba wengi wachumao kahawa ni akina mama, kwamba ni wao waibebao kwa kamba ya kipajini au kwa punda, na kwamba ni wao waketio wakiichambua mpaka giza liingie. Kisha utafungua daftari la wanachama na kuona majina ya wanaume. Mashamba yalipounganishwa na kuandikishwa katika miaka ya 1950, hati zilitolewa aghalabu kwa jina la mwanamume mkuu wa nyumba, na uanachama wa ushirika ukaifuata hati. Hivyo mama huleta mazao msimu mzima, na siku ya malipo husimama nje ya ofisi bila ya neno la kusema. Wewe huna mamlaka ya kuibadilisha hati ya mtu, wala si kazi yako kuingia katika ugomvi wa mume na mke; lakini yapo mambo matatu uwezayo kuyafanya kwa halali. La kwanza, mama aletaye mzigo mpe yeye stakabadhi mkononi na umsomee kilo, ili ajue nyumba yake imevuna nini. La pili, mwanamke akija kuuliza jinsi ya kuwa mwanachama, mpe maelezo na fomu bila ya kumuuliza mume wake yuko wapi, kwani Katiba ya 2010 inawapa wanawake na wanaume usawa, na wapo wanaume wengi wenye busara ambao wamewagawia wake zao sehemu ya mibuni ili wawe na nambari zao. La tatu, mkumbushe kila mwanachama, mume au mke, kuandikisha jina la mtu atakayepokea haki yake akifariki, jambo ambalo sheria ya vyama vya ushirika inaliruhusu. Maana wajane wengi wametembea kwa miaka kati ya ofisi ya chama na mahakama kwa sababu nafasi moja katika fomu iliachwa wazi.

Ama kuhusu heshima yako mwenyewe, sikiliza kwa makini. Karani wa kiwanda hujua kipato cha kila nyumba kijijini, nani ana deni la mbolea, nani amechukua advansi kabla ya ada za shule, nani amepeleka matunda kwa nambari ya ndugu yake ili kumkwepa mdai. Elimu hiyo si yako ya kuitembeza kisimani wala kanisani. Zawadi pia zitakuja, mkungu wa ndizi leo na kuku kesho, na nyingi zitaletwa kwa moyo safi; zipokee kwa shukrani zinapoletwa wazi kwa wafanyakazi wote, na zikatae kwa upole zinapoletwa kwako peke yako mlango wa nyuma, kwa sababu aliyekupa kuku kimya kimya atakuja kudai kilo kimya kimya. Na akitokea mkubwa wa kazi au mwanakamati akutakaye kwa njia isiyo ya haki, akikutishia kibarua chako, usinyamaze kwa haya. Mwambie mama yako au mtu mzima umwaminiye, andika siku na maneno yaliyosemwa, uyapeleke kwa kamati ya uangalizi au kwa afisa wa ushirika wa kaunti. Riziki haiko mlango mmoja, na kazi inayodai staha yako kama malipo haifai kutunzwa.

Mshahara wako, hata uwe mdogo, uwekee akiba tangu mwezi wa kwanza, kwani mavuno makubwa ya Oktoba hadi Desemba hufuatwa na miezi ya ukimya, na baada ya mavuno madogo ya katikati ya mwaka ukimya hurudi. Miezi hiyo usiipoteze. Itumie kulinganisha leja, kusahihisha anwani za wanachama, na kusoma. Chuo Kikuu cha Ushirika kilichoko Karen, Nairobi, hufundisha uhasibu na usimamizi wa vyama, na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, hapa hapa Nyeri, kina masomo ya teknolojia ya kahawa. Binti aliyekwisha kushika mizani kwa misimu miwili huingia darasani huko akiwa na maswali ambayo wenzake hawajapata kuyafikiria. Jifunze pia aina za mibuni, ili umwelewe mkulima asemapo kwamba SL28 yake, iliyochaguliwa na Maabara ya Scott katika miaka ya 1930, ina ladha nzuri lakini hushambuliwa na chulebuni, na kwamba amefikiria kupanda Ruiru 11 iliyotolewa 1985 au Batian ya 2010, iliyopewa jina la kilele kirefu kuliko vyote cha mlima wetu.

Na kunywa kahawa, binti yangu. Sisi watu wa mlimani tumelelewa kwa chai ya maziwa, na wako wakulima waliochuma kahawa kwa miaka arobaini pasipo kuionja ya shamba lao, ilhali majina ya viwanda vyetu, kama vile Gichathaini, Ndaroini, Karogoto na Gatomboya upande wa Mathira, na Kii na Karimikui huko Kirinyaga, yanaandikwa juu ya mifuko ya kahawa katika maduka ya Ulaya na Marekani, na wateja wa huko huyataja kwa mapenzi. Mtu asiyeijua ladha ya mali yake huiamini bei yoyote aambiwayo. Waombe wataalamu wajapo kiwandani wakufundishe kuonja, na siku ya mkutano wawekee wanachama birika la kahawa yao, waijue.

Kwa wazazi na wanakamati nina maneno machache. Mpeni binti barua ya kazi yenye kutaja mshahara, saa na wajibu wake. Wekeni taa ya kutosha pale penye mizani. Na siku ambazo mashine inaendelea hadi usiku, mpangieni mtu wa kumfikisha nyumbani kwa usalama. Msimtume afanye lisiloandikwa, wala msimwambie abadili tarakimu kwa ajili ya kumstahi mtu. Vitabu visomwe mkutanoni kwa lugha ambayo wanachama wanaielewa. Tangu 2023 malipo ya mnada yamewekewa njia ya moja kwa moja kupitia benki, nayo ni hatua njema. Lakini benki hulipa kwa kuifuata orodha iliyotoka katika ofisi ya kijiji, na orodha ikiwa na dhuluma, benki itailipa dhuluma hiyo kwa uaminifu mkubwa.

Mwisho, siku itafika utakapoiacha ofisi hiyo, kwa ndoa au kwa masomo au kwa kazi iliyo bora zaidi, na hapo usiondoke kama mgeni aliyelala usiku mmoja. Kabidhi kila kitabu kwa orodha, hesabuni stakabadhi zilizotumika na zisizotumika mbele ya shahidi, jumlisha kurasa zote, utie sahihi na upokee sahihi. Kipimo cha kazi yako ni hiki: binti atakayeketi katika kiti chako asubuhi ya pili, asiyekujua wala kupata kukuuliza neno, aweze kulifungua daftari penye jina la mwanachama yeyote, na kumwambia kwa hakika alileta kilo ngapi, alikatwa kiasi gani na kwa nini, na anadai nini. Ukiweza kuliacha daftari la namna hiyo, umeitimiza dhima uliyobeba kwa watu wa kijiji chako, na wala hutahitaji mtu wa kukutolea ushahidi popote uendako.